Karani wa Mishahara

Tangazo tulilibandika mlangoni mwa steshenari na kulirusha kwenye kundi la WhatsApp la mafundi kompyuta wa Tanga: tunahitaji watu wa kujitolea kuokoa programu za zamani, Jumamosi saa tatu asubuhi, Ngamiani. Kundini wengi walijibu kwa alama ya dole gumba. Jumamosi yenyewe nilikuwa na kijana mwenye duka, na mwanachuo mmoja aliyekuja kuuliza kama kuna posho. Nikamwambia kuna chai na vitumbua. Akala, akashukuru, akaaga.

Sikumlaumu. Anayejitolea ni yule ambaye kwao chakula cha mchana kimeshajulikana. Hata huko Marekani kazi hizi huenda kwa kuchechemea. Jim Hall alianzisha FreeDOS mwaka 1994 akiwa mwanafunzi, ili DOS, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta za zamani, isife pale Microsoft ilipokuwa ikiipa mgongo, na toleo la 1.0 likatoka 2006. Miaka 12, tena mradi unaojulikana duniani! Ndiyo kazi inayofanywa na watu wakishatoka kazini.

Boksi letu lilikuwa la flopi za inchi 3.5, zile diski za zamani za kuhifadhia kazi za kompyuta, mali ya fundi marehemu aliyekuwa akizitengenezea ofisi za mashamba ya mkonge programu, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vitu kama hivyo havina nakala kwingine. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, mashine zikawa adimu kwa miaka mingi, kwa hiyo programu zilizoandikwa hapa nchini enzi zile zilikuwa za kuhesabika, na zilizobaki ni chache zaidi.

Na unyevu wa pwani hauna huruma. Nilisogeza kibati cha flopi ya kwanza kwa ukucha, nikamulika kwa tochi ya simu: madoa meupe ya ukungu, kama chumvi iliyokaukia kwenye shati. Flopi ya namna hiyo huichomeki tu. Ukungu unaganda kwenye kichwa cha kusomea cha mashine, halafu flopi inayofuata, hata ikiwa nzima, inakwanguliwa. Unachukua kijiti cha pamba na spiriti, unaizungusha diski taratibu kwa kile kitovu cha chuma cha nyuma, unafuta upande mmoja, unafuta wa pili, unasubiri ikauke. Ndipo unanakili sekta zake 2,880, yaani vipande vidogo vya data, moja baada ya nyingine, na zile zinazogoma unazirudia. Megabaiti 1.44 tu, ndogo kuliko picha nyingi za simu, lakini flopi mbovu inaweza kukulia asubuhi nzima.

Adhuhuri ilipokaribia, kijana akafanikiwa kuiwasha programu ya mishahara ndani ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya zamani ya DOS. Skrini ya bluu, menyu ya Kiswahili: Watumishi, Malipo, Makato, Taarifa. Tulishangilia. Lakini kila akichagua Malipo, inamrudisha alikotoka bila maelezo. Akaanza kusema flopi imeharibika, tuiandike hivyo, tuendelee na nyingine.

Mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni na karatasi zake za kutoa kopi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Hilo tangazo lenu, mnatafuta watu wa kompyuta za zamani au mnatafuta vijana?"

Kumbe alikuwa karani wa mishahara kwenye shamba la mkonge, na programu ile aliitumia mpaka walipoletewa nyingine. Kijana akampisha kiti. Akavaa miwani, akasogeza kipanya pembeni asichokihitaji, akabonyeza vitufe bila kuvitazama.

"Malipo hayafunguki kabla hujafunga mwezi uliopita. Yule fundi alifanya makusudi, mtu asije akalipwa mara mbili."

Akafunga mwezi. Malipo yakafunguka, orodha ikashuka: majina, siku za kazi, makato ya duka la shamba. Akasoma mistari michache, kisha akaifunika skrini kwa kiganja.

"Haya ni madeni ya watu. Msije mkayatia mtandaoni."

Tukakubaliana hapo hapo: programu itahifadhiwa, orodha zitatengwa. Sisi tusingeliwaza hilo, tulikuwa tumezama kwenye sekta na ukungu. Na mimi tangu siku ile huwa siamini nikisikia miradi hii inakosa wataalamu. Mafundi wa kufungua mashine wapo. Wanaokosekana ni wale waliokaa mbele ya mashine miaka kumi wakilipa watu, na hakuna anayewatumia ujumbe kwa sababu kwenye makundi ya mafundi hawamo.

Nilimwomba arudi. Akafikiri.

"Alhamisi, baada ya adhuhuri. Yupo na mwenzangu aliyekuwa bohari, yeye anaijua ile ya stoo. Ila nauli ya bajaji mtatoa, ya watu wawili. Na hizi herufi mzikuze, tumezeeka."

Kijana akaanza kutafuta pa kukuzia herufi kabla mimi sijasema neno juu ya nauli.