Gadenia yangu ilivyoacha kuwa njano
Mwezi mzima nilidhani nimeuziwa asmini mgonjwa. Majani machanga yalikuwa njano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani, na vitumba vikidondoka kabla ya kufunguka. Shangazi alipokuja akachuma jani, akalivunja. "Halina utomvu mweupe, basi hii gadenia. Kuna mmea mwingine unaofanana nayo, ule ungetoa maziwa." Ua la gadenia pia huchanua jeupe pe, kisha hugeuka rangi ya malai.

Kumbe ugonjwa ulikuwa chini ya miguu yetu. Mtaa wetu hapa Mombasa umekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Udongo una chokaa, maji ya kisima vilevile. Gadenia hupenda udongo wenye uchachu. Penye chokaa, madini ya chuma yapo lakini mizizi haiwezi kuyafyonza. Nami nilikuwa nikimwagilia maji yaleyale kila jioni!

Nikaihamishia kwenye chungu chenye udongo mwekundu na mboji, nikainywesha maji ya mvua, na mara mbili nikatia mbolea ya chuma ya kuyeyusha. Majani ya zamani hayakupona. Mapya yalitoka kijani kibichi, yaking'aa kama yamepakwa mafuta. Ua la kwanza shangazi alilichuma akalichomeka nyweleni, hata hodi hakupiga.