Kibonde cha milimita 0.11

Gari langu lilianza kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka na injini kutetemeka, asubuhi tu. Injini ikishapata moto mtetemo ulipungua, lakini nguvu hazikurudi. Kwenye mlima nilihisi kama kuna mtu amelishika kwa nyuma. Kila niliyemweleza aliniambia nibadilishe plagi. Nikabadilisha plagi, kisha waya zake, kisha kifuniko cha distribyuta. Misi ikabaki palepale.

Sikufikiria gasketi ya hedi, ile inayobanwa kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu) na bloku yenye silinda, maana dalili zinazojulikana hazikuwepo. Oili haikugeuka rangi ya maziwa, maji ya rejeta hayakupungua, moshi mweupe haukuonekana, na mshale wa joto haukupanda. Lakini gasketi ile haizuii maji na oili peke yake. Inazuia pia moto wa silinda moja usivuke kwenda kwa jirani yake, na ukingo unaotenganisha silinda mbili ni mwembamba mno. Joto linaubana kutoka pande zote mbili. Gasketi ikiungua hapo, hakuna tone la maji linalopotea. Silinda mbili zinabaki zinapumuliana tu.

Geji ya kompresheni, inayopima shinikizo silinda inapobana hewa, ndiyo iliyonifungua macho. Injini ikiwa na moto, plagi zote nje, pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka chini, binti yangu akiandika namba kwenye kipande cha boksi: silinda ya kwanza psi 180, ya pili 85, ya tatu 80, ya nne 175. Mbili zilizoanguka zimekaa bega kwa bega. Nikatia oili kidogo ndani ya hizo mbili na kupima tena. Kama ringi ndizo zilizochoka, namba zingepanda, kwa kuwa oili huziba pengo kwa muda. Hazikusogea. Mwisho nikaleta pistoni ya pili juu, valvu zake zimefungwa, nikaingiza upepo wa kompresa kwenye tundu la plagi.

"Baba, inapumua huku!" Alikuwa ameweka kiganja juu ya tundu la silinda ya tatu.

Basi, hedi ishuke.

Kushusha hedi ni kazi ya kumbukumbu kuliko nguvu. Nilipiga picha kila mpira na kila soketi ya waya kabla ya kuigusa, nikaileta silinda ya kwanza juu, nikahakikisha alama za taimingi zimekaa sawa ndipo nikavua belti. Vifuniko vya kemshafti (shafti inayofungua valvu) nilivilegeza kidogo kidogo kwa zamu, kwa sababu springi za valvu zinaisukuma kemshafti juu, na ukifungua upande mmoja wote kabla ya mwingine inaweza kukatika. Bolti kumi za hedi nilizilegeza nikianzia za pembeni kuelekea katikati, kwa awamu, injini ikiwa baridi kabisa. Hedi ya alumini ikifunguliwa ya moto, au bila mpangilio, inaweza kupinda mikononi mwako. Iligoma kuachia bloku. Nilitafuta mahali pa kutia mtaimbo mbali na uso wa gasketi, nikanyanyua taratibu mpaka ikatoa mlio kama mfuniko wa chupa.

Gasketi ilikuwa na kidonda cheusi kati ya silinda ya pili na ya tatu. Nilikitegemea. Nilichokuta kwenye hedi yenyewe sikukitegemea.

Miaka mitatu nyuma hedi hii iliwahi kushushwa na fundi mmoja kwa ajili ya sili za valvu (zinazozuia oili isiteremke kwenye shina la valvu), nami wakati huo sikuwepo. Nilipokwisha kuiosha nikaona mikwaruzo ya duara, mizungu juu ya mizungu, usoni mwote. Alikwangua gasketi ya zamani kwa diski ya msasa iliyofungwa kwenye mashine ya umeme. Alumini ni laini. Diski inaona gasketi na chuma kitu kimoja, na pale inapokawia inachimba. Juu ya hayo, chembe za msasa zinaanguka kwenye njia za oili na kwenda mpaka kwenye bearingi za krenki, shafti inayozungushwa na pistoni. Nakiri kwamba nilikasirika, na mpaka leo nikiona mtu anashika mashine ile karibu na hedi namwomba aiweke chini.

Nikaweka rula ya chuma iliyonyooka, nikapitisha fila geji, majani membamba ya chuma ya kupimia mwanya, chini yake. Unapima mistari sita: miwili kwa urefu, miwili kwa upana, miwili ya kukatiza kona kwa kona. Kitabu cha injini yangu kinaruhusu milimita 0.05. Mistari ya urefu haikuzidi 0.03, kwa hiyo hedi haikupinda. Matundu ya kemshafti nayo yalikuwa salama, jambo kubwa, maana hedi ikipinda, kuskimu (kupunguza uso kwa mashine) chini hakunyooshi juu. Lakini rula ilipolala upana, kati ya silinda ya pili na ya tatu, fila ya 0.10 ikapita bila kugusa. Niliongeza majani mpaka ikakaza.

"Andika sifuri nukta moja moja."

"Baba, hiyo ni nene kama nini?"

Nikamwonyesha unywele wake. Unywele unaweza kuwa mwembamba zaidi ya hapo, lakini moto wa silinda ulipita kwenye kibonde hicho kwa miaka mitatu, ukila gasketi taratibu, mpaka ikaisha.

Uso wa hedi sikuugusa nyumbani. Wapo wanaobandika msasa kwenye kioo kinene na kusugua hedi juu yake. Kwa kosa dogo huenda ikakubali, lakini mimi nilikuwa na kibonde, na kibonde hakiondoki mpaka uso wote mwingine ushuke kukifuata. Kazi hiyo ni ya mashine. Lakini kwanza nilitoa valvu, ili hedi iende kwa mashine ikiwa tupu na mimi nikijua nataka nini.

Hapa ndipo nilipotumia siku nyingi zaidi, na ningerudia kila saa yake. Klampu inabana springi, sumaku inatoa loki mbili ndogo, springi inaachia, valvu inateleza chini. Mara 16. Kila valvu niliichomeka kwenye tundu lake kwenye boksi lililoandikwa namba, pamoja na springi na kisahani chake, kwa sababu kila moja imezoeana na siti yake (inapokaa ikifunga) na kijibomba chake (kinachoongoza shina) na haifai kuhamishwa. Valvu za kuingiza zilikuwa na utandu mzito mweusi mgongoni, mkavu kama lami iliyoungua. Huo ni ushahidi wa oili iliyokuwa ikiteleza kwenye shina, yaani zile sili za miaka mitatu iliyopita zilikuwa zimeshakakamaa. Nilipozivua kwa koleo zilivunjika kama ganda la yai.

Mashina niliyapima kwa maikromita sehemu tatu kila moja, juu, katikati na chini. Hayakulika. Kisha nikairudisha kila valvu kwenye kijibomba chake na kuitikisa kushoto na kulia. Ikicheza sana, sili mpya haidumu hata ukinunua iliyo bora. Zilikuwa sawa.

Kusaga valvu nilijifunza kwa mzee mmoja aliyekuwa akifanya bila haraka, na mkono wangu bado unafuata wake. Dawa ya kusagia kidogo sana, nukta chache kuzunguka uso wa valvu, na tone la oili kwenye shina ili dawa isiingie kwenye kijibomba. Kijiti chenye kikombe cha mpira kinanata kichwani mwa valvu. Unakizungusha katikati ya viganja, huku na huku, unanyanyua, unageuza robo mzunguko, unashusha tena. Mwanzoni kinakwaruza kwa sauti. Baada ya muda sauti inalainika, ndiyo dalili ya kuacha. Futa, angalia. Unatafuta mviringo wa kijivu usiong'aa, usiokatika popote, wenye upana ule ule kuzunguka kote.

Mviringo huo kwenye injini yangu unatakiwa uwe kati ya milimita 1.0 na 1.4, na nafikiri ndio mstari wa maana kuliko yote kwenye hedi. Valvu ya kutoa moshi inaogelea kwenye moto, na sehemu kubwa ya joto lake inaondoka pale tu inapogusa siti na kumwaga joto kwenye maji yanayopita nyuma yake. Mviringo ukiwa mwembamba mno, valvu inaungua. Ukiwa mpana mno, nguvu ya springi inatawanyika, masizi yanakaa katikati, na baada ya muda inavuja.

Valvu 14 zilitoa mviringo mzuri. Mbili za kutoa za silinda ya tatu zilikuwa na vishimo ambavyo kusaga hakukuviondoa, na sikuendelea kusaga, kwa sababu dawa inachimba valvu na siti kwa pamoja na mwisho unabaki na vyote viwili vibovu. Nilinunua valvu mbili mpya. Kwenye mashine, siti zake zilikatwa kwa pembe tatu: nyuzi 45 ndipo valvu inapokaa, 30 na 60 juu na chini yake za kuupunguza mviringo na kuusogeza mahali pake. Uso wa hedi uliskimiwa milimita 0.12. Niliuliza unene uliobaki nikaulinganisha na kipimo cha chini kabla ya kukubali, kisha nyumbani nikaweka rula tena. Fila ya 0.03 haikupita popote.

Hedi niliiosha mara tatu. Maji ya moto na sabuni, brashi nyembamba kwenye kila njia ya oili, upepo, halafu tena. Sili mpya zikaingia, za kuingiza na za kutoa si sawa, rangi zake zinatofautiana. Springi zikarudi. Nikaigeuza hedi, nikamwaga mafuta ya taa kwenye kila chemba mpaka valvu zikafunikwa, nikaondoka kwa nusu saa. Binti yangu alibaki anachungulia matundu ya manifoldi kwa tochi. Yote makavu.

Kwenye bloku kuna jambo moja ambalo nasisitiza kwa kila anayeniuliza: matundu ya bolti. Yana mwisho, hayatokezi upande wa pili. Maji au oili ikikaa chini yake, bolti inaposhuka inakuwa kama pampu. Kimiminika hakibaniki, kwa hiyo ama toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, inakudanganya kwamba umekaza, ama bloku inapasuka. Nilinyonya kila tundu kwa bomba la sindano, nikazungusha kitambaa ndani mpaka kikatoka kikavu.

Gasketi mpya ikalala bila gundi ya aina yoyote. Bolti mpya, nyuzi zake na chini ya vichwa vimepakwa oili kidogo. Safari hii unaanzia katikati kwenda pembeni. Awamu ya kwanza niutonimita 29 zote kumi. Kisha nikaweka nukta ya rangi mbele ya kila kichwa cha bolti, nikazungusha kila moja nyuzi 90, halafu 90 nyingine, mpaka nukta zote zikatazama nyuma. Kwa rangi huwezi kusahau bolti. Iliyorukwa inaonekana kutoka mbali.

Siti zikikatwa, valvu inazama kidogo kwenye hedi na shina lake linapanda upande wa pili, kwa hiyo nafasi ya tapeti, yaani mwanya kati ya kemshafti na kisahani cha kurekebishia kilicho kwenye tapeti juu ya valvu, inapungua. Nilitegemea hivyo, na ndivyo ilivyokuwa. Valvu moja ya kutoa ya silinda ya tatu ilikuwa na 0.13, inatakiwa 0.25. Kisahani chake kilikuwa na unene wa 2.80. Unachukua 2.80, unaongeza kipimo ulichokipata, unatoa unachokitaka: 2.68. Vinauzwa kwa hatua ya 0.05, nikaweka 2.70, nafasi ikawa 0.23. Hesabu hizo alizifanya binti yangu kwa valvu zote 16, nami nikazihakiki, na hakukosea hata moja.

Belti, alama, kisha mizunguko miwili kamili ya krenki kwa spana na mkono. Kama kuna valvu itakayokutana na pistoni, bora mkono uhisi kabla ya stata. Haikukwama. Tulizungusha kwa stata bila mafuta mpaka taa ya oili ikazimika, ndipo tukarudisha fyuzi ya pampu ya mafuta. Iliwaka mara ya pili. Kwa sekunde chache tapeti zililia, kisha pakatulia.

Kompresheni baada ya wiki moja: 185, 180, 185, 180.

Kilichobaki kunisumbua ni zile chembe za msasa wa miaka mitatu. Oili ya kwanza niliimwaga baada ya kilomita 200 tu, nikaikata filta kwa msumeno wa bati na kuikunjua karatasi yake juani. Kulikuwa na vumbi la kung'aa, kidogo, lakini lilikuwepo. Ya pili nikaimwaga kwenye 1,000. Tukaikunjua karatasi juu ya meza ile ile, binti yangu akapitisha sumaku halafu kidole kwenye kila kunjo, polepole, mpaka mwisho. Kidole kilitoka na oili tu.