Baiskeli Isiyo na Mzigo

Tangu niliporudi kutoka kijijini Jumapili jioni, maneno ya Baba Mdogo hayajanitoka kichwani. Wiki hii dada amejifungua salama mtoto wa kiume, shule imefungwa, na barua ya uhamisho wa mwalimu mkuu tuliyoisubiri kwa hamu imefika, lakini ni yale maneno ninayolala nayo na kuamka nayo. Aliyasema akiwa ameinama, akibonyeza tairi la nyuma la baiskeli yangu kwa kidole gumba, kama wafanyavyo wanaume wa kwetu wanapokagua baiskeli ya mgeni.

"Baba yako aliiuza baiskeli yake ili wewe usije ukaipanda," alisema, "na wewe umerudi nayo."

Nikamjibu, "Baba, hii ni ya matembezi tu."

"Matembezi ya kwenda wapi?"

Hapo Mama Mdogo akatokea na maji ya kunawa, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya pamba, na swali likabaki bila jibu.

Habari ya kuuzwa kwa baiskeli ile niliwahi kuiandika wakati wa kumbukumbu ya Mzee, baba yangu. Aliiuza mwaka niliochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, ikalipa ada, ikanunua godoro na sanduku la bati, na kuanzia hapo alikwenda kila mahali kwa miguu, huku pamba yake ikipelekwa chamani, yaani kwenye chama cha ushirika, kwa mkokoteni wa watu, kwa malipo. Hayo tumekuwa tukiyasimulia nyumbani miaka yote. Ila hakuna aliyewahi kuyasema kama Baba Mdogo alivyoyasema, kwamba lengo lilikuwa mimi nisije nikaipanda. Nimejaribu kuisikia tena sauti yake. Haikuwa kali. Uso wake sikuuona, maana alikuwa akilitazama tairi. Usiku mmoja naisikia kama lawama, usiku wa pili kama majonzi ya mtu anayemkumbuka kaka yake, na asubuhi nikipiga mswaki huwa nina hakika kwamba alikuwa akinisifu, hadi nitakapofika kwenye lile swali la mwisho, ambalo halikai vizuri na sifa.

Kwa hiyo naona niyaeleze hayo matembezi yenyewe, kwa sababu aliyeuliza ni mtu mzima na swali lake linastahili jibu.

Niliondoka Igoma, Mwanza, kabla ya mapambazuko, kwani barabara ya Musoma ikishachangamka kwa mabasi na malori, mwendesha baiskeli hana pake. Kisesa ikapita, mawe makubwa ya Mwanza yakaanza kupungua, na baada ya Nyanguge ardhi ikalala. Nilivuka daraja la mto Simiyu, nikanywa chai na chapati Magu, ambayo iko kama kilomita 60 kutoka mjini, kisha nikaiacha lami. Kuanzia hapo ndipo ninapopenda. Kila mwinuko mdogo una mchanga, ule ambao Wasukuma huuita luseni, na ndiko kwenye nyumba, miembe na mashamba ya pamba. Kila bonde lina udongo mweusi wa mbuga, na ndiko kwenye majaruba ya mpunga. Mtu aliye ndani ya gari huona uwanda mmoja usio na mwisho, lakini mwendesha baiskeli huijua tofauti kwa mikono yake, kwa maana kwenye mchanga usukani hulegea na gurudumu hubishana nawe, na ukishuka mbugani njia inakuwa ngumu kama saruji, baiskeli ikateleza mbele yenyewe na miguu ikapumzika.

Masika hupiti huko. Udongo ule ukilowa hunasa kwenye tairi, ukajaa chini ya madigadi hadi gurudumu likakataa kuzunguka, na hapo ni wewe unayeibeba baiskeli. Mwezi huu wa Juni umekauka na kuanza kupasuka nyufa, mpunga umeshavunwa, na ndani ya majaruba yale yale dengu zimechipua kijani, zikinywa unyevu uliohifadhiwa na udongo tangu mvua za mwisho. Nilishuka nikachuchumaa kando ya tuta, nikauchimba udongo kwa ncha ya ufunguo. Juu palikuwa vumbi, lakini chini kidogo ulikuwa baridi, ukashikana vidoleni. Zao zima linaishi kwa maji ambayo macho hayayaoni, na mimi nilikaa pale nikila matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kutoka mfukoni, bila haraka yoyote, nikiwa na furaha ambayo sijui ningeipata wapi pengine.

Jambo jingine ni salamu. Penye tambarare namna ile, mtu humwona mwenzake mapema, kwa hiyo wanawake wanaochuma pamba, shuka zikiwa zimefungwa kiunoni na kujaa nyuzi nyeupe, wana muda wa kunyooka mgongo, na mimi nina muda wa kupunguza mwendo, tukaitana "Mwangaluka" na kujuliana hali ipasavyo. Wengi waliniuliza nimebeba nini. Hata fundi aliyeniziba pancha chini ya mwembe, baada ya mbigili kunitoboa, aliizamisha tyubu kwenye karai la maji, akawa anayatafuta mapovu huku akiitazama ile keria ya nyuma isiyo na kitu, akaniuliza mzigo umeanguka wapi. Nilipomwambia kwamba nakwenda kuwasalimu wazee, aliridhika. Wazee ni sababu inayoeleweka, na kwa kweli nilikuwa nakwenda kwao, ingawa basi lingenifikisha mapema zaidi.

Jumatano, nikiwa napanga madaftari ya wanafunzi kabatini, kumbukumbu moja ilinijia, na tangu hapo moyo wangu uko tofauti.

Msimu wa pamba Mzee alinichukua mara nyingi kwenda chamani. Kwenda, tulitembea, kwa sababu magunia yaliyofungwa kwa mipira ya tyubu yaliizidi baiskeli, naye alikuwa akiisukuma kuliko kuipanda. Kurudi, baada ya kupima, alikunja kanga akaiweka juu ya chuma cha mbele, akanikalisha hapo, tukaondoka. Njia ya nyumbani ilikuwa imenyooka. Hakuifuata. Alikata kushoto, akaingia njia ya matuta upande wa Simiyu, ambako hatukuwa na shamba, hatukuwa na ndugu, na wala hapakuwa na mtu aliyemdai au kudaiwa naye. Aliendesha taratibu kwa mkono mmoja, akinitajia jaruba lile ni la nani na lile ni la nani, akisimama kuwatazama yangeyange waliofuata ng'ombe, kisha akiendelea. Tulifika nyumbani giza limeshaingia. Mama alipomuuliza alikuwa wapi, alijibu, "Njiani."

Mzee alikuwa na matembezi yake. Tunapoisimulia baiskeli ya Usukumani huwa tunahesabu madumu ya maji, mkaa, maziwa, samaki na mgonjwa aliyefungwa mgongoni mwa mtu kupelekwa zahanati, na yote ni kweli tupu, nimeyaona. Lakini yale matuta ya Simiyu nayo ni kweli, na inaniuma kwamba hayamo katika masimulizi yetu, kana kwamba mkulima maskini hakuruhusiwa kuipenda safari kwa ajili ya safari. Aliiuza ili niepukane na magunia, hilo nakubaliana na Baba Mdogo. Ile njia ya kuzunguka hakutaka niepukane nayo, ndiyo maana alinipakia. Na kama aliuza kitu alichokipenda kiasi hicho, basi ada yangu ilimgharimu zaidi ya bei aliyopewa.

Nitamweleza Baba Mdogo tukiwa tumekaa, mwezi wa Agosti wakati wa kuvuna dengu, maana kwa simu husikia nusu. Nitakwenda kwa baiskeli, na nitapita upande wa Simiyu.

Kinachonisumbua usiku huu ni mdogo wetu aliye kambi ya dagaa Ukerewe. Siku za mbalamwezi taa zao hazivuti dagaa, hivyo huwa anarudi nyumbani kupumzika, na mwezi umeshakuwa mpevu, lakini hajafika, na simu yake haipatikani tangu Alhamisi. Mama bado sijamwambia.