Kiulimi chenye nywele mbili

Wiki nzima nilikuwa na bahasha mbili mezani, zote kutoka shamba moja la Mkuranga: majani ya nyanya na majani ya mihogo. Zote zina inzi weupe. Mama mwenye shamba aliuliza swali moja tu: wa huku na wa kule ni wamoja?

Waliokomaa hawanisaidii. Ukigusa jani wanatimka kama unga, na ukiwanasa wote sura moja. Anayejitambulisha ni mtoto wa hatua ya mwisho, yule aliyeganda chini ya jani kama gamba, hafiki hata milimita moja.

Nikawachemsha taratibu kwenye potasiamu haidroksaidi mpaka wakawa angavu, nikawaweka kwenye slaidi. Wa nyanya wana nywele ndefu mgongoni. Wa mihogo, laini kabisa. Kalamu ilikuwa mkononi, karibu niandike majina mawili.

Nikakumbuka kwamba nywele hizo zinatokana na jani. Jani la nyanya lina vinyweleo, la muhogo halina, na mtoto hukua kwa kulifuata. Mwaka 1963 mtaalamu wa wadudu Mound alionyesha hilo kwa Bemisia tabaci, aina mojawapo ya inzi weupe. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wamempa mdudu huyu mmoja majina chungu nzima.

Basi nikashuka nyuma, kwenye tundu la haja. Kwa Bemisia ni pembetatu ndefu inayochongoka kuelekea mkiani, ikifuatiwa na mfereji mwembamba. Ndani yake mna kifuniko, na chini ya kifuniko hutokeza kiulimi, ambacho ndicho hurusha yale majimaji matamu yanayonata majanini. Ncha yake ina nywele mbili. Trialeurodes, jenasi nyingine ya inzi weupe, angekuwa na tundu la umbo la moyo, na kiulimi chenye vinundu.

Nikatazama wa nyanya: pembetatu ndefu, nywele mbili. Wa mihogo: vilevile. Nilinyamaza hapo kwenye hadubini kwa muda, nikimtazama tu. Kitu kidogo hivi, na hakidanganyi.

Jioni nikapiga simu.

“Shikamoo mama. Ni jenasi moja, Bemisia.”

“Marahaba mwanangu. Ndio hao wanaoleta batobato, ule ugonjwa wa mihogo?”

“Kwenye mihogo, ndio hao.”

Akakaa kimya, kisha akasema dada yake anakuja Jumamosi kuchukua pingili za kupanda. Nimemwomba amzuie kwanza, maana pingili hubeba ugonjwa huo; nitafika Ijumaa tukague shina kwa shina.