Mradi wa tangi la matumbawe: mwewe na kamba ndani ya maji mamoja, tulipofikia

Haya, waliokuwa wanauliza kama kamba bado wapo: wapo wote, na mwewe, yule samaki mdogo mwekundu mla nyama, naye yupo, kanenepa. Kwa anayeanza kufuatilia leo, hili ni tangi la lita 400 la maji ya chumvi, matumbawe laini mengi na magumu machache, na nia tangu mwanzo ni kuweka samaki mla nyama na kamba pamoja bila kuwatenganisha kwa kioo, kitu ambacho ukiuliza wenye matangi wengi watakwambia acha, na kwa samaki wengi kweli bora uache.

Samaki simba nilimkata kwenye orodha mapema kabisa. Pterois volitans anapita sentimita 30, anatandaza mapezi anambana windo kwenye kona halafu anafungua mdomo ghafla, maji yanaingia na kilichokuwa mbele yake, na hata wale wadogo wa jamii ya Dendrochirus ambao watu wanawaona wana nafuu kwa udogo wao, kamba kwao ndo chakula chenyewe. Chewa hivyo hivyo, ukimchukua akiwa mdogo kama kidole utasema hana neno, ila ule mdomo unakua haraka kuliko subira yako.

Nikaangukia Neocirrhitus armatus, yule mwekundu mwenye mstari mweusi mgongoni. Namwita mwewe kwa tabia, maana hana kibofu cha hewa cha kumfanya aelee, kwa hiyo hazururi majini, anatua juu ya tumbawe, anasimamia mapezi ya kifuani na kuzungusha macho tu, akiona kitu anashuka. Hafiki hata sentimita 10, na kamba msafishaji mzima, Lysmata amboinensis, anafika kama 6 hivi bila kuhesabu zile ndevu nyeupe, sasa hapo hamezeki. Ila kutomezeka si usalama, hawa wakimshika kamba wanaweza kumpigiza kwenye jiwe mpaka apatikane vipande.

Mpangilio wa kuingiza nilishaueleza, narudia kifupi. Kamba walitangulia, wakubwa, wakapewa muda wa kujichagulia mashimo, mwewe akaja mwisho kabisa akiwa mdogo. Kamba niliwazoesha maji ya tangi kwa tone tone maana mabadiliko ya chumvi yanawaua upesi kuliko samaki, tangi liko 1.025 kwenye kipima chumvi (uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi) na joto nyuzi 25 hadi 26. Na kama samaki anaumwa anatolewa kutibiwa pembeni, dawa ya shaba haigusi maji haya hata tone, shaba ni kifo cha kamba.

Sasa kitu ambacho nadhani ndo roho ya mradi mzima, na sioni watu wakikizungumzia vya kutosha, ni usiku wa kujivua gamba. Kamba mwenye gamba gumu na mwewe aliyeshiba wanaishi tu, mchana utamkuta kamba kapanda mgongoni mwa samaki anamchokonoa na mwewe mwenyewe katulia anasafishwa. Tatizo ni yale masaa baada ya kujivua, mwili laini kama jeli, hawezi kukimbia vizuri. Wiki hii nilikesha na tochi nimeifunga plastiki nyekundu, nikamuona mkubwa wao. Alisimama kwenye ukingo wa jiwe akawa anatikisika, pale kichwa kinapokutana na mkia pakafunguka mgongoni, halafu mara moja akajikunja akachomoka kinyumenyume, gamba likabaki limesimama pale pale na miguu yake na ndevu zake na hata vifuniko vya macho, ungesema wako wawili. Yeye moja kwa moja shimoni. Mwewe alikuwa kalala kwenye tumbawe lake karibu na pampu, hakujua kinachoendelea.

Lile shimo si la bahati. Nilipopanga mawe niliacha nyufa za upana wa kidole, ndefu, zenye kona ndani na mlango wa pili, kwa kipimo kwamba kichwa cha mwewe akiwa mzima kabisa kisipite. Ukipanga mawe kama ukuta mzuri wa kupiga picha, kamba hana pa kujificha, na siku akijivua ndo unamkosa asubuhi unabaki kulaumu samaki. Na ukikuta gamba limenasa kwenye pampu usianze kilio, likiwa jepesi na unaona upande wa pili basi ni gamba, mfu anakuwa mzito, mweupe au wa pinki. Gamba liache, kamba wenyewe wanalila.

Chakula sasa. Mwewe namlisha kwanza, kwa koleo, vipande vya ngisi na samaki vilivyoyeyushwa, kidogo kidogo kila siku, halafu upande wa pili wa tangi ndo kamba wanapata chao. Msinipe ile hoja ya mara mbili kwa wiki inatosha, inawezekana inatosha kwa yeye kuishi, mimi nataka asiwe na sababu ya kuangalia nyufani. Vipande vya kamba simpi kabisa, kwa nini nimfundishe ladha?

Habari nyingine, kamba wasafishaji wawili wana mayai ya kijani tumboni, wote wawili kwa pamoja, maana hawa wakikomaa kila mmoja ni dume na jike, ukiwa na wawili tayari una jozi. Vifaranga wakitoka usiku vinaliwa vyote, na samaki na matumbawe, sina mpango wa kuvilea.

Kinachofuata ni kamba mpigaji wa jamii ya Alpheus na mshirika wake, yule samaki mdogo anayemlindia mlango wa shimo. Kamba huyu haoni vizuri, anaweka ndevu moja juu ya mwenzake muda wote, mwenzake akitikisa mkia anarudi ndani. Huyo simuhofii sana kwa mwewe kwa sababu maisha yake yako chini ya mchanga, kazi iliyopo ni kuongeza kina cha mchanga upande wa kushoto na kuchanganya changarawe ili handaki lisibomoke, mawe ya huko nitayakalisha chini kwenye kioo kwanza. Wale kamba wadogo wanaokula Aiptasia (anemoni ndogo sumbufu za matangini), yaani Lysmata wurdemanni, hawaingii humu, wembamba mno na mwewe hatahitaji kumpigiza mtu kwenye jiwe.