Miaka 17 baadaye, bado wanaogopa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la juma hili ni Mwanzo 50:15–21, lakini kabla hamjafungua Biblia niwapitishe kwanza Thabai.

Msiitafute kwenye ramani. Thabai ni kijiji cha kubuniwa katika A Grain of Wheat, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka mwaka 1967, inayosimulia siku chache za kuelekea uhuru wa Kenya, tarehe 12 Desemba 1963. Mara ya kwanza niliisoma kwa ajili ya mtihani. Nilikariri wahusika na dhamira, nikafaulu, wala sikuelewa kitu. Safari hii nimeisoma nikiwa mtu mzima mwenye yangu moyoni, na Mugo akaninyima usingizi.

Mugo ni mkimya, anaishi peke yake, na huko kizuizini aliteswa bila kufungua kinywa. Kijiji kikamfanya shujaa. Sasa wanamwomba ahutubie siku ya Uhuru, amkumbuke Kihika, mpiganaji aliyenyongwa. Wasilolijua ni kwamba aliyemsaliti Kihika ni Mugo huyohuyo. Kihika alikuwa amemkimbilia usiku, akitoka kumuua ofisa wa wilaya, akamtaka aingie naye kwenye harakati za kupigania uhuru. Mugo alichotaka ni kuachwa alime shamba lake tu, basi akaenda kumtaja kwa mkoloni. Tangu hapo kila sifa wanayommwagia inamchapa kama fimbo. Ukilaumiwa unaweza kujitetea. Ukisifiwa kwa usilostahili, utajitetea vipi?

Yupo pia Gikonyo, aliyekiri kizuizini kwamba alikula kiapo cha wapigania uhuru, ili arudi kwa mkewe Mumbi. Anarudi baada ya miaka sita, anamkuta Mumbi ana mtoto wa mwanamume mwingine, na hataki hata kulizungumza. Nilikuwa namwona ana haki. Sasa naona kwamba sehemu ya ukali ule ni aibu yake mwenyewe. Mwenye kidonda alichokificha huwa hana subira na kidonda cha mwenzake, na hili nimelijua kwa tabia yangu nyumbani, si kwa kusoma vitabu.

Turudi kwa ndugu zake Yusufu. Walimuuza akiwa na miaka 17, kwa vipande 20 vya fedha. Soma Mwanzo 37 taratibu: hakuna mahali tunaposikia Yusufu akilia shimoni. Kilio chake tunakisikia sura ya 42, zaidi ya miaka 20 baadaye, pale ndugu zake wanapobanwa Misri na kuanza kuambiana kwamba walimwona akiwasihi wakakataa kumsikia. Hakuna aliyewauliza habari za shimo. Sauti ile walikuwa nayo muda wote, walipopanda, walipovuna, walipomtazama baba yao akiomboleza uongo waliomletea.

Mugo naye alifika mahali pa namna hiyo. Karanja, yule mwanamume aliyezaa na Mumbi, alikuwa karibu kubebeshwa kosa lile mbele ya umati, na Mugo angeweza kukaa kimya. Alisimama akasema ni yeye. Sitawadanganya, wapendwa: kuungama hakukumwepusha na hukumu. Wapiganaji walimfuata, kesi ikasikilizwa usiku. Ila kwa mara ya kwanza mbele ya kijiji, anachokisema Mugo na kilichomo moyoni mwake ni kitu kimoja.

Ndugu zake Yusufu waliipata neema ambayo Mugo hakuipata. Sura ya 45 Yusufu anajitambulisha, anawakumbatia, anawabusu, anawapa nchi ya Gosheni. Yakobo akaishi Misri miaka 17. Siku alipokufa, wale ndugu wakaogopa upya. Hawakwenda wenyewe. Walituma ujumbe, wakasema baba aliagiza kabla ya kufa kwamba wasamehewe, agizo ambalo Biblia haituonyeshi popote Yakobo akilitoa. Hata wakiomba msamaha, wanajificha nyuma ya marehemu.

Yusufu alipoambiwa maneno hayo, alilia. Andiko halisemi kwa nini. Mimi nadhani ndipo alipotambua kwamba miaka yote ile aliyowalisha wao na watoto wao, walikuwa wakipokea chakula mkononi mwake huku wakihesabu siku za baba yao.