Mnyororo wa Jiwe

Februari 2020 nilikuwa Chennai, kusini mwa India, nikimuuguza baba, ambaye alikuwa amefanyiwa upasuaji wa moyo na kutakiwa na madaktari apumzike wiki mbili kabla ya kupanda ndege kurudi Zanzibar. Alipochoka kutazama kuta za chumba, nilikodi teksi itupeleke Kanchipuram, mji mtakatifu wa Wahindu ulio kiasi cha kilomita 70 kutoka hapo. "Nakwenda kutazama kazi ya mikono tu," alinitahadharisha, maana ni mtu wa swala tano. Lakini pia ni seremala aliyechonga milango tangu ujana wake.

Tulianzia Kailasanathar, hekalu la mungu Shiva lililojengwa na wafalme wa ukoo wa Pallava yapata mwaka 700, lenye ua mtulivu na simba wa mawe walioinuka nguzoni. Hekalu la pili, Ekambareswarar, tulilipita haraka, kwa kuwa viatu huachwa mlangoni na sakafu ilikwisha kupata moto. Baba, na kovu lake kifuani, alitembea kwa ncha za vidole.

Hekalu la Varadharaja Perumal ndiko alikoganda. Sisi tusio Wahindu hatukuruhusiwa kufika patakatifu, ila uani kuna ukumbi uitwao wa nguzo 100, ijapokuwa nguzo zenyewe ni 96. Kwenye pembe za paa lake inaning'inia minyororo ya mawe, pete ndani ya pete, iliyochongwa bila kuungwa. Baba aliinua bakora akafuata pete moja baada ya nyingine, akitafuta kiungo, kisha akaenda pembe ya pili akaanza upya.

"Huyu fundi," alisema, "akiikosea pete ya mwisho, kazi yote imepotea."

Karibu na hapo pana bwawa. Dereva alitueleza kuwa chini ya maji yake imelazwa sanamu ya mungu Vishnu, ya mti wa jamii ya mkuyu, ambayo hutolewa kila baada ya miaka 40. Ilitolewa 2019 kwa siku 48, na zamu inayofuata ni 2059. Nilidhani baba angepiga hesabu ya umri wake.

"Mkuyu?" aliuliza kwa mashaka, maana ubao huo haudumu. "Na maji hayo hukauka?"

Dereva alisema sanamu haiachwi ikauke.

"Basi sawa. Mbao huozeshwa na kulowa na kukauka, kulowa na kukauka."

Akageuka, akarudi kwenye mnyororo.